Sura ya 6: Kutunza Watu Wazima, Kazi ya Maisha kwa Vijana wa Lukenya

Utunzaji wa watu wazima ni kazi ya kumsaidia mtu aliyekwisha kukua kufanya yale ambayo mwili au akili yake haimruhusu tena kuyafanya peke yake: kuamka, kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kumeza dawa kwa wakati, kutoka nje kuota jua, kuonana na watu. Anayesaidiwa anaweza kuwa ajuza wa miaka 90, mwalimu aliyepigwa na kiharusi kabla hajastaafu, kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo, au mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili ambaye wazazi wake sasa wamezeeka. Kazi hii si uuguzi, ingawa inapakana nao. Wala si kazi za nyumbani, ingawa mara nyingi hufanyika nyumbani. Ni ufundi unaojitegemea, wenye maarifa yake, hatari zake na ngazi zake za kupanda, na kijana anayeuingia kwa nia ya kuujua barabara anaweza kuishi nao maisha yake yote ya kazi.

Lukenya ni mahali pazuri pa kuitazamia haja ya kazi hii. Mlima wake huonwa na kila msafiri wa barabara ya Mombasa, kilomita kama 40 kutoka Nairobi, na kuuzunguka wanaishi watu wa aina tatu ambao uzee wao haufanani. Wa kwanza ni wenyeji, Wakamba wa maboma yaliyoenea upande wa Kyumvi na Machakos, ambao watoto wao wametawanyika Nairobi, Mlolongo na Mombasa. Wa pili ni wastaafu wa viwanda vya Athi River, vya saruji na cha nyama cha KMC, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1950; walikuja wakiwa vijana, wakapata viwanja, wakabaki. Wa tatu ni wageni wa miaka ya karibuni, watu waliofanya kazi Nairobi au ng'ambo, wakanunua vipande vya ardhi na kujenga nyumba za kustaafia. Katika nyumba za hawa wa mwisho kuna hali ambayo sasa imekuwa ya kawaida: baba na mama wawili peke yao katika nyumba ya vyumba vinne, watoto wako Westlands, Dallas na Perth, simu zinapigwa kila jioni, pesa zinaingia kwa M-Pesa, lakini hakuna mkono wa kumshika baba anapoteleza bafuni. Wajenzi wameshaiona haja hiyo. Katika mtaa wa Green Park, karibu na Athi River, kampuni ya Superior Homes ilibuni kijiji cha wastaafu kinachoitwa Fadhili.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kati yao takriban milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi. Hiyo ni chini ya watu sita katika kila mia, na huenda ndiyo sababu jambo hili limekaa kwa muda mrefu bila kusemwa. Lakini idadi hiyo inapanda, na watu wanaishi miaka mingi zaidi wakiwa na maradhi yanayohitaji msaada wa kila siku: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, yabisi ya viungo, saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu mmoja katika kila sita duniani atakuwa amefikisha miaka 60.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na serikali. Serikali hutoa fedha za Inua Jamii, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2006 na ambao mwaka wa 2018 ulifunguliwa kwa wazee wote waliofikisha miaka 70 na wasiopokea pensheni, Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hununua unga, sukari na pengine dawa. Haziwezi kumlipa mtunzaji. Tangu Septemba 2023 wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, kama 100,000 nchini, waliopewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari. Wao hupita nyumba hadi nyumba, hupima, hushauri na kuelekeza watu hospitali, kisha huenda kwa jirani. Makao ya wazee yapo, kama Nyumba ya Wazee ya watawa kule Kasarani, Mji wa Huruma ulio Runda, na makao ya Thogoto yaliyo chini ya kanisa la PCEA. Nafasi katika makao hayo ni chache, na wazee wengi hawataki kuhama kwao. Kwa hiyo saa zote zinazobaki, mchana na usiku, humwangukia binti, mkaza mwana au mjukuu wa kike, mara nyingi baada ya kuacha biashara au masomo yake.

Wapo wanaosema kwamba kumlipa mtu amtunze mzazi ni kumtupa mzazi. Maneno hayo yamewaumiza watu wengi bure. Mzee anayeoshwa, anayelishwa na kugeuzwa na mtu anayejua anachofanya, huku watoto wake wakimlipa mtu huyo na kumtembelea, hajatupwa. Aliyetupwa ni yule anayeachiwa mjukuu wa miaka 13 asiyejua kumgeuza, mpaka mgongo unatoboka vidonda.

Kazi yenyewe

Vidonda hivyo ndivyo vinavyomtenganisha anayejua na asiyejua. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Uzito wa mwili ukikaa mahali pamoja huibana mishipa midogo ya damu, ngozi na nyama iliyo chini yake zikakosa damu na kuanza kufa, mara nyingi kutoka ndani kwenda nje. Sehemu za kuangaliwa ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: visigino, vifundo vya miguu, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya humwambia mhudumu atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Mhudumu hupitisha mgongo wa mkono wake akitafuta joto lisilo la kawaida, hubonyeza taratibu kusikia kama pamekuwa pagumu au pamelegea, na hutazama kama ngozi imekoza weusi au inang'aa kuliko ya pembeni. Akiona dalili hizo hamlazi tena mgonjwa kwa upande huo, huweka mto chini ya misuli ya miguu ili visigino vielee, na humjulisha muuguzi siku hiyohiyo. Mahali hapo hapasuguliwi kwa mafuta, ingawa wengi huamini kwamba kusugua ni dawa. Kusugua huzidi kuiumiza nyama iliyokwisha kudhoofika.

Kumtoa mtu kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu nako kuna utaratibu. Breki za kiti hufungwa kwanza. Kiti huwekwa kwa mshazari, upande wa mwili ulio na nguvu. Mgonjwa hukalishwa ukingoni mwa kitanda kwa muda kidogo, nyayo zikiwa sakafuni na viatu visivyoteleza miguuni, kwa kuwa anayeinuka ghafla hushukwa na shinikizo la damu na kuona kizunguzungu. Mhudumu hukunja magoti yake, si mgongo, humshika kiunoni kwa mshipi maalumu au mkanda imara, kamwe si kwapani wala kwa mkono uliopooza, kwa maana bega la mkono huo hufyatuka kwa urahisi. Kisha wanahesabu pamoja na kuinuka pamoja. Vijana wengi wanaoacha kazi hii mapema huiacha kwa sababu ya mgongo, nao mgongo huharibiwa na wiki chache tu za kunyanyua watu ovyo.

Kulisha kuna hatari zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani palepale. Kiharusi huweza kulidhoofisha koo, chakula kikaingia njia ya hewa badala ya tumbo, na siku chache baadaye mzee akapata nimonia ambayo familia haijui imetoka wapi. Basi mgonjwa hukaa wima, kidevu kikiinama kidogo, na hubaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Kijiko huwa kidogo na huingizwa upande wa mdomo wenye nguvu. Kabla ya kijiko kinachofuata mhudumu huhakikisha cha kwanza kimeshuka, kisha hutazama shavu lililopooza, ambako mabaki ya chakula hujificha. Vinywaji vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyopalia zaidi. Uji mzito hushuka salama zaidi. Muthokoi, chakula kinachopendwa na wazee wa Ukambani, hupikwa mpaka ulainike kabisa, kisha hupondwa na kulainishwa kwa mchuzi. Sauti ya mzee ikisikika kama ina maji ndani baada ya kumeza, au akikohoa kila anapokunywa, kulisha kunasimama na daktari anaarifiwa.

Kuoga, kubadilisha nepi, kuosha na kulinda mpira wa mkojo, kukagua miguu ya mwenye kisukari mpaka katikati ya vidole: haya yote hufundishika kwa wiki chache. Kinachochukua muda ni kuyafanya bila kumvunjia mtu heshima. Mhudumu mzuri hubisha hodi hata kama mlango uko wazi. Hufunika sehemu asiyoiosha. Humweleza mzee anachotaka kufanya kabla ya kumgusa, hata mzee asiyeweza kujibu. Humwita kwa jina alilozoea kuitwa na watu, Mwalimu akiwa alifundisha, Mama Fulani akiwa ana watoto, Susu, yaani bibi, kama nyumba ni ya Wakamba na mwenyewe ameridhia. Wanaume wazee wengi huona haya kuoshwa na msichana wa umri wa mjukuu wao, na hapo ndipo mhudumu wa kiume anapohitajika sana. Vijana wa kiume wa Mavoko, manispaa ya Athi River, wanaodhani kwamba kazi hii ni ya wanawake wanaliacha wazi soko ambalo lina washindani wachache.

Halafu kuna daftari. Ndani yake huandikwa, kwa saa na tarehe, dawa zilizomezwa, chakula kilicholiwa, maji yaliyonywewa, choo na mkojo, vipimo vya shinikizo na sukari, mgonjwa amegeuzwa saa ngapi na upande gani, amelalaje, amezungumza nini kisicho cha kawaida. Daktari wa hospitali ya Machakos Level 5 anayemwona mzee mara moja kwa miezi miwili hupata katika daftari hilo habari ambazo mzee mwenyewe hazikumbuki. Binti aliye Dallas hutumiwa picha ya ukurasa kila jioni na hulala kwa amani. Kama fedha za chakula na dawa hupitia kwa mhudumu, kurasa za nyuma huwa za hesabu, risiti zikiwa zimebanwa. Mhudumu mwenye daftari safi hapati taabu kuthibitisha kazi yake mbele ya mwajiri mpya wala mbele ya ndugu wanaogombana.

Akili inapochoka

Sehemu ya kazi inayohitaji subira kuliko zote ni kumtunza mwenye ugonjwa wa dimensia, unaoiharibu kumbukumbu, kisha uwezo wa kuamua, kisha hata uwezo wa kutambua wana. Mzee aliyefanya kazi reli kwa miaka 30 anaweza kuamka saa kumi alfajiri akitafuta kofia yake aende zamu. Kumwambia kwamba alistaafu zamani na kwamba wenzake wengi wamekufa ni kumfikishia msiba mpya kila siku. Mhudumu aliyefunzwa hawashi mabishano. Huwasha taa, huuliza treni ya leo inaenda wapi, hutia chai kikombeni, na baada ya robo saa ya mazungumzo juu ya Voi na Mtito Andei mzee amerudi kitandani mwenyewe. Hujifunza pia kwamba fujo ya ghafla kwa mzee aliyekuwa mtulivu mara nyingi si dimensia kuzidi, bali ni maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu asiyoweza kuyasema, au kufunga choo kwa siku nyingi, na kwamba anahitaji kupimwa, si kukemewa.

Ujuzi huu unaokoa maisha kwa namna ambayo watu hawaitarajii. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi, na waliookoka baadhi yao wamehifadhiwa Kaya Godoma, huko Ganze. Kutangatanga usiku, kuzungumza peke yake, kusahau majina ya wajukuu ni dalili za ugonjwa, na mahali ambapo hakuna anayezijua huweza kugeuzwa ushahidi wa uchawi. Kijana mmoja katika kijiji anayeweza kuwaeleza majirani kwamba bibi huyu anaumwa ubongo hubadilisha mengi.

Mafunzo na vyeti

Mlango wa kuingilia hauko mbali wala hauko juu sana. Vyuo vya kiufundi na taasisi za kibinafsi nchini hutoa kozi za wasaidizi wa huduma za afya na za utunzaji wa nyumbani, nyingi za miezi michache hadi mwaka mmoja. Kabla ya kulipa karo, jambo la kuuliza ni nani anayetoa cheti. Kozi iliyo chini ya mtaala wa baraza la TVET CDACC, au iliyotahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina uzito. Karatasi yenye muhuri wa taasisi peke yake haina. Jambo la pili la kuuliza ni siku ngapi za mafunzo zitakuwa wodini au katika makao ya wazee, kwa sababu mtu hawezi kujifunza kumgeuza mgonjwa kwa kutazama slaidi. Taasisi isiyo na mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake kufanya mazoezi haifai, hata kama ada yake ni nafuu. Huduma ya kwanza hufundishwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance, na waajiri wengi huiulizia.

Wapo vijana ambao wamewatunza babu na bibi zao kwa miaka bila darasa lolote. Hao hawaanzi sifuri. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao unamwezesha mtu kutahiniwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Kwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na alama ndogo, kisha akamuuguza nyanya yake kwa miaka minne mpaka akamzika, njia hii inamrudishia sehemu ya alichokipoteza.

Karatasi nyingine zinazohitajika ni kitambulisho, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi na majina ya watu wawili watatu wanaoweza kumshuhudia mwombaji. Familia inayomkabidhi mgeni mzazi asiyejiweza ina haki ya kuziona. Inafaa pia kijana ajue mipaka ya cheti chake. Msaidizi wa huduma si muuguzi na hajasajiliwa na Baraza la Wauguzi. Hachomi sindano wala haamui kuongeza au kupunguza dawa, hata mwenye nyumba akimsihi.

Mshahara, mkataba na mipaka

Mshahara hutegemea makubaliano, lakini sheria imeweka sakafu. Katika jedwali la mishahara ya chini Mavoko imetajwa kwa jina katika kundi moja na zilizokuwa manispaa, na baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa katika kundi hilo alistahili takriban Sh14,867 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Ngazi hiyo humtaja mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto na mtumishi wa nyumbani. Mtunzaji wa wazee hakutajwa popote. Hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa, maana huwafanya waajiri wengi wamlipe mtu anayesimamia dawa, mpira wa mkojo na uhai wa mzazi wao mshahara uleule wa anayefagia uwanja. Mpaka sheria itakapobadilika, kinachompandishia mhudumu malipo ni cheti, ushuhuda wa waajiri waliotangulia na ujasiri wa kutaja bei yake kabla ya kuanza kazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda yeye kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Kuna siku moja ya mapumziko katika kila saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka zenye malipo kamili. Mwajiri anapaswa kumkatia michango ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA. Wanaoumia zaidi ni wahudumu wanaolala kwa mwajiri, kwa kuwa siku yao haina mwisho: kengele inalia saa nane usiku, na saa kumi na mbili asubuhi chai inasubiriwa. Mgonjwa wa kugeuzwa kila saa mbili anahitaji watu wawili wa kupokezana, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Familia isiyoweza kuwalipa wawili inapaswa kukubaliana ndani yake nani kati ya ndugu atashika usiku. Mtu mmoja hawezi kukesha usiku kucha kwa miezi mingi. Huishia kukosea dawa au kumpandishia mzee hasira, na lawama zote humwangukia yeye.

Mkataba mzuri husema pia kazi ambazo si zake. Kufulia familia nzima, kupikia wageni wa harambee na kuchunga ng'ombe wa boma ni kazi za watu wengine. Na kuna mipaka ambayo mhudumu hujiwekea mwenyewe. Picha za mgonjwa haziwekwi kwenye mitandao, na habari za afya yake zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hati za ardhi, kadi ya benki na namba ya siri ya M-Pesa hazishikwi na mhudumu. Katika eneo kama Lukenya, ambako bei ya viwanja imepanda na kesi za mirathi ni nyingi, mhudumu anayekubali kutia sahihi kama shahidi wa wosia wa mzee anayemtunza anajitumbukiza katika ugomvi usiokuwa wake.

Jambo ambalo vyuo havilisemi vya kutosha ni kifo. Mtunzaji wa wazee atawazika watu aliowapenda. Atakuwa amemwosha mtu kwa miaka mitatu, anajua anapenda chai ya namna gani na wimbo gani wa kanisani, na siku ya mazishi jina lake huenda lisitajwe katika programu. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, imewafunza wahudumu wengi nchini jinsi ya kumsindikiza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kumpunguzia maumivu na kuzungumza na familia yake kwa ukweli. Mafunzo hayo humfaa pia mhudumu mwenyewe. Likizo fupi kati ya mgonjwa aliyefariki na mgonjwa mpya si anasa, na wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi huwa wamejifunza kuidai.

Kupanda ngazi, nyumbani na ng'ambo

Hakuna sababu ya kubaki ngazi ya kwanza. Mhudumu mwenye miaka michache ya kazi huwa msimamizi wa wenzake katika makao ya wazee au katika kampuni ya huduma za nyumbani. Wenye alama zinazotosha hurudi darasani: chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kampasi Machakos, na Chuo Kikuu cha Daystar, ambacho kampasi yake kuu iko hapohapo Lukenya, hufundisha uuguzi na ustawi wa jamii. Mwanafunzi anayeingia uuguzi akiwa ameshawahi kumgeuza mgonjwa mara elfu huingia na kitu ambacho wenzake watakitafuta mpaka mwaka wa mwisho. Wengine huvutwa na tiba ya viungo, baada ya kuona mkono uliopooza ukianza kushika kijiko.

Ng'ambo kunavuta, na ni haki ya kijana kwenda. Ila anapaswa kwenda na habari za leo, si za mwaka wa juzi. Uingereza ilifungua viza ya kazi ya utunzaji kwa watu wa nje mnamo Februari 2022. Machi 2024 ikawazuia wapya kwenda na wenzi na watoto wao. Na Julai 2025 ikaufunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo. Ajenti anayechukua pesa leo kwa ahadi ya kazi hiyo Uingereza anauza kitu ambacho hakipo tena. Ujerumani ilitia sahihi mapatano ya ajira na Kenya mnamo Septemba 2024, nako njia ya uuguzi ni mafunzo ya miaka mitatu ambamo mwanafunzi hulipwa posho, lakini Kijerumani lazima kijulikane vizuri kwanza, na mwaka mmoja wa kukisoma kwa bidii ni kawaida. Kwa wanaoelekea nchi za Ghuba, mafunzo ya kabla ya safari hutolewa chini ya NITA. Orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kuitazama kabla ya kutoa pasipoti na pesa kumewaepusha wengi na majuto. Cheti kilichopatikana Kenya na daftari la miaka miwili ya kazi Lukenya humsaidia mwombaji huko kuliko barua yoyote ya ajenti.

Njia nyingine ni kujiajiri. Wahudumu wanne au watano wenye vyeti, wanaoishi kati ya Athi River na Kyumvi, wanaweza kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, kuchukua leseni ya kaunti ya Machakos na kuzigawia familia zamu badala ya kila mmoja kujifungia katika nyumba moja. Mmoja akiugua, mwingine anaziba pengo. Muuguzi mstaafu wa eneo hilo anaweza kulipwa kwa mwezi ili akague vidonda na madaftari mara moja kwa wiki. Kipima shinikizo, kipima sukari, glavu na mshipi wa kunyanyulia havigharimu pesa nyingi vikinunuliwa kwa pamoja, na familia ambayo hailazimiki kumlaza mhudumu nyumbani inaweza kulipia saa sita tu za mchana, ikiwa hizo ndizo inazohitaji. Wateja wa kwanza hupatikana kupitia watu wanaowajua wazee tayari: wahamasishaji wa afya wa kijiji, wauguzi wa zahanati, wachungaji na makatibu wa vikundi vya wastaafu.